Viatu Mlangoni mwa Baraza

1.

TANGAZO

Kuanzia kikao kijacho, wajumbe wote wa Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Kwembelu watavua viatu kabla ya kuingia ukumbini, kwa lengo la kulinda zulia jipya. Viatu vitapangwa nje ya mlango chini ya uangalizi wa mhudumu.

Mhudumu hatahusika na soksi zilizotoboka.

2.

Mhudumu ndiye mimi. Karibu, sogea, usiogope kubanana. Nyumba tupu hunitia homa. Cheti changu kina jina refu, lakini Kwembelu nzima naitwa Mama Sikudhani. Nenda sokoni useme unamtafuta, utaletwa mpaka mlangoni kwangu na habari za jirani yangu utapewa njiani bila kuuliza.

Kazi yangu ilikuwa chai. Zulia lilipokuja, jekundu, nene, limelala ukumbi mzima kama ng'ombe aliyeshiba, kazi ikawa chai na viatu. Kikao kikianza nakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Dirisha liko usawa wa sikio langu. Mimi sisikilizi. Dirisha ndilo linalosema.

3.

MUUNDO WA BARAZA
(ubao wa matangazo, kushoto kwa picha ya mti uliopandwa na mgeni rasmi)

Madiwani wa kata: 15
Kati yao wanaume: 14
Mwanamke: 1
Madiwani wa viti maalumu, wanawake: 5
Jumla ya wajumbe: 20
Mwenyekiti: Mhe. Shabani Ngereza, Kata ya Mjini

4.

MUUNDO WA BARAZA
(nilivyoupanga mimi, kutoka kizingitini hadi kwenye ndoo ya maji)

Jozi kumi na mbili zinazong'aa. Hawa hushuka garini, hatua nane, mlango.

Jozi tano zenye vumbi jeupe. Tambarare, kwa pikipiki. Humo mna ndara za Mheshimiwa Nakijwa wa viti maalumu, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa samaki.

Jozi mbili zenye udongo mwekundu uliokauka kisigino. Mlimani, lakini mlimani pale gari linapofika.

Jozi moja.

Mabuti ya mpira. Matope mekundu, mabichi, hadi ugokoni, na majani yamenasa. Haya siyaweki kwenye mstari, yananichafulia wenzake. Nayaegemeza ndoo. Ni ya Mheshimiwa Athumani Shekibula, diwani wa Kwesine, kata ya kumi na tano, ya mwisho kwenye orodha na ya mwisho duniani. Hufika kikao kikiwa ajenda ya tatu. Akiingia peku, ukumbi mzima hucheka, na yeye mwenyewe hucheka kuliko wote.

5.

Alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, kijana mstaarabu, begi mgongoni, karatasi za maswali. Alitaka kujua wanaoamua ni akina nani na kwa nini wanaamua wanavyoamua.

"Wanawake wangapi?"

"Sita."

"Wenye shahada?"

"Wanne, na mmoja anayesema anayo."

"Vyama?"

"Hivyo viko kwenye ubao wa pili, ule wenye kioo."

Akaandika, akaandika, akanywa chai yangu vikombe vitatu. Anaondoka nikamwambia: mwanangu, umesahau viatu. Akatazama miguu yake. Nikasema si vyako.

Akacheka, akadhani natania.

6.

KIKAO CHA KAWAIDA. DONDOO ZA MUHTASARI.

Ajenda Na. 8: Matumizi ya nyumba ya zamani ya Bwana Shamba, jirani na Kituo cha Afya.

8.1 Mwenyekiti aliliarifu Baraza kuwa nyumba hiyo, yenye vyumba vitano, iko wazi tangu Bwana Shamba ahamie makao mapya.

8.2 Kamati ilipendekeza igeuzwe sebule ya kupumzikia waheshimiwa madiwani, hasa wanaotoka mbali.

8.3 Mhe. Shekibula (Kwesine) alisema anayetoka mbali kuliko wajumbe wote ni yeye. Yeye akichelewa kurudi hulala kwa shemeji yake, na hajawahi kulalamika isipokuwa kuhusu uji. (Kicheko.)

8.4 Mhe. Shekibula alipendekeza nyumba iwe ya wajawazito wa mlimani, wangojee humo siku zao za kujifungua, kwa kuwa Kwesine hadi Kituo cha Afya ni mwendo wa saa sita, mto mmoja na machela.

8.5 Mwenyekiti aliwahoji wajumbe: asiyekubaliana na Kamati asimame. Alisimama mjumbe mmoja.

8.6 Mjumbe huyo alisoma kanuni inayosema hoja mbadala ikiletwa kwa maandishi, uamuzi husubiri kikao kinachofuata. Alikuwa nayo kwa maandishi. Ilikuwa imelowa.

8.7 Uamuzi uliahirishwa.

7.

Asiyekubali asimame.

Hebu nikueleze ujanja wa maneno hayo mawili, maana Mwenyekiti Ngereza ameendesha baraza kwa hayo miaka minne na hajawahi kushindwa.

Wewe unayesoma, fikiri. Umekula chapati mbili. Chai ina tangawizi, naipika mwenyewe. Kiti kina mto. Chini ya nyayo, zulia. Halafu mtu anakwambia kwa upole: ukinikatalia, inuka. Utainuka? Wote watageuka wakutazame soksi yako. Mwenye gari atajiuliza kama kesho akupe lifti tena. Mwenye haya atashika goti. Mwenye usingizi ameshahesabiwa kuwa amekubali.

Hajawahi kusema: anayekubali asimame. Wangeinuka sita, saba, aibu.

Kwa hiyo ubaoni ni baraza la watu ishirini. Ukumbini lilikuwa baraza la watu wawili: aliyeuliza, na aliyesimama.

8.

WALIOMO CHUMBANI KWANGU
(chumba kimoja, dirisha moja, nyumba ya Mzee Sufiani, nyuma ya mashine ya kusaga)

Mimi.
Sikudhani, binti yangu, kaolewa Kwesine. Mimba ya mwezi wa tisa.
Saumu, wifi yake. Mwezi wa nane.
Mwantumu, jirani yao. Haujui mwezi. Anasema mtoto ndiye anayejua.

Shekibula aliwaambia: shukeni mapema, nyumba ya Bwana Shamba itakuwa tayari. Wakashuka. Nyumba haikuwa tayari. Wangekwenda wapi? Godoro tunalilalia kwa upana, wao vichwa upande wa ukuta, mimi miguuni mwao kama kifungo cha foronya. Na cheko! Mwantumu anaiga jinsi Mwenyekiti anavyokohoa kabla ya kusema "waheshimiwa," hadi Saumu anashika tumbo na kuomba aachwe, atazaa kabla ya zamu yake.

Sijapata kuwa na nyumba iliyojaa hivi tangu mume wangu afe. Naogopa hata kusema nimefurahi.

9.

KANUNI ZA KUDUMU (zimebandikwa nyuma ya mlango, plastiki imefanya malengelenge)

11. Akidi ni nusu ya wajumbe.

23. Kura zikilingana, Mwenyekiti atakuwa na kura ya uamuzi.

31. Mwenyekiti akisimama, mjumbe yeyote aliyesimama ataketi na kunyamaza.

(Kwa penseli, mwandiko wa mjumbe asiyejulikana:) na akilala?

10.

Kwa Mama Sikudhani,

Salaam. Mimi sina ubaya na mtu na wazazi nawaheshimu, mimi mwenyewe nilizaliwa. Lakini chumba nilimpangishia mtu mmoja. Sasa nahesabu wanne, na Mungu akijalia saba. Choo ni kimoja kwa vyumba sita na kimefika shingoni. Wapangaji wamekuja kwangu wote pamoja, na hawajawahi kuja wote pamoja hata sikukuu.

Baraza linakaa Jumatano ya wiki ijayo kuhusu ile nyumba. Wakipewa, vizuri, Alhamisi nitawabebea mizigo mimi mwenyewe. Wasipopewa, Ijumaa warudi kwao. Chumba kibaki na wewe peke yako kama zamani.

Ni mimi mwenye nyumba wako,
Sufiani

11.

Mama hupenda kusimulia, lakini hili halisimulii. Nitalisema mimi, Sikudhani.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa ukingoni mwa Mto Shanguo. Wanaume wanne walinibeba kwa machela saa tatu za kuteremka, wakinisemesha ili nisikate tamaa. Mmoja alikuwa anataja majina ya wachezaji mpira, maana ndiyo aliyoyajua kwa wingi. Mto ulikuwa umejaa. Wakaniweka chini. Diwani Shekibula alikuwa mmoja wao, mbele kushoto. Akavua shati lake, akawageuza wenzake wote watazame upande wa pili, akamwita mwanamke aliyekuwa anachota maji.

Mtoto alilia mara moja.

Mara moja tu ile, naijua ilivyo ndefu. Ni kama kutoka hapa kitandani hadi

Mama asiniulize tena kama nina wasiwasi na Ijumaa.

12.

TANZIA

Mwenyekiti wa Halmashauri anasikitika kutangaza kifo cha Mhe. Athumani Shekibula, kilichotokea Ijumaa asubuhi, Kata ya Kwesine, akiwa safarini kuja Kituo cha Afya. Mazishi ni Jumamosi alasiri, Kwesine. Wajumbe wote wanaombwa

(Walioandika wakakosa neno. "Kuhudhuria" ni jepesi. Kule mtu hahudhurii, anapanda.)

Tumbo. Alhamisi lilianza, Ijumaa alfajiri wakambeba. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa ndani ya machela. Mto ulikuwa umejaa.

Jumamosi maji yalipungua hadi magotini. Magari ya halmashauri yakafika ukingoni yakazima. Hapo ndipo pa kusikiliza watu:

"Kumbe bado?"
"Bado nini, mheshimiwa, ndiyo tunaanza. Unaona kile kilima? Ni nyuma ya kile cha nyuma yake."
"Na yeye alikuwa anashuka hivi kila kikao?"
"Na kurudi."
"Mimi pumu yangu…"
"Pumu imeanza leo?"
"Tutume salamu. Salamu zinatosha, familia itaelewa."
"Wanawake wanavuka, nyie mnaongea!"

Mheshimiwa Nakijwa alikuwa ameshafunga khanga kiunoni, ndara mkononi, katikati ya maji. Hakugeuka nyuma.

Walivuka tisa: wanawake watano, wanaume wanne. Kumi waligeuza ukingoni wakarudi, pamoja na Mwenyekiti.

13.

Mimi si mtu mbaya. Hilo nataka lijulikane kwanza.

Najua wanayosema sokoni. Ngereza kaogopa kuchafua viatu. Wacha waseme. Wenyeji walinijia pale ukingoni, vijana wawili wenye migongo mipana, wakasema kwa adabu, baba, tutakubeba. Nikawaambia nina simu ya mkoani naisubiri.

Simu haikuwepo.

Nina umri wa miaka hamsini na sita na sijawahi kuingia kwenye maji yanayotembea. Ndugu yangu Hemedi tulikuwa naye siku moja, tuna miaka saba na tisa, na maji yalikuwa ya magotini vilevile. Sitaki kuyasema yote. Nasema tu kwamba afadhali mtu aitwe mwenye majivuno. Mwenye majivuno huogopwa. Ukionekana umeogopa, kesho yake umekwisha.

Shekibula alijua. Aliniona mwaka ule tulipokwenda kukagua mfereji. Alikuwa na neno la kunimaliza, na kila kikao alisimama peke yake, akashindwa, akakaa, neno lile hakulitumia.

Sasa Jumatano kiti chake hakina mtu, na kitakuwa hivyo hadi uchaguzi mdogo. Nimefanya hesabu. Hakuna wa kusimama.

14.

Jumatano. Nimepanga viatu tangu saa mbili na nusu asubuhi, na mstari umenikataa.

Sijui nianzie wapi. Ile jozi inayong'aa ya diwani wa Kata ya Stesheni haipo. Kaja na kandambili za bafuni, za bluu, kwa sababu kidole gumba kimevimba hakiingii popote. Mheshimiwa Nakijwa ndara zimekatika kabisa, kaja na za mumewe. Mzee Hizza, ambaye hata msikitini hupelekwa kwa gari, kafunga vitambaa miguu yote miwili na anatembea kama mtu anayekanyaga mayai. Anavua mbele yangu, anauma mdomo.

"Pole, baba."

"Usinipe pole, Mama Sikudhani. Nilijua nchi hii ni yetu. Sikujua ni ndefu."

Kijana wao, Mheshimiwa Kibua, kashuka safi. Yeye alibeba jeneza mpaka mwisho, mwenye nguvu, hakuchubuka hata kidogo.

Viatu vya hawa tisa waliopanda Kwesine nimeviweka pamoja. Udongo mwekundu wa Kwesine hautoki kwa brashi. Nimejaribu.

Vya mwisho kufika: vya Mwenyekiti. Vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi vikapigwa tena. Ningeweza kujitazama meno. Nikaviweka kizingitini, mahali pake.

Mahali pa mabuti, karibu na ndoo, sikuweka kitu.

15.

 

 

 

16.

Dirisha ndilo linalosema.

"…hoja ya marehemu, Mungu amrehemu, imekufa pamoja naye, maana mwenye hoja hayupo."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja haina pumzi, ina karatasi. Karatasi hii hapa."

"Mheshimiwa Nakijwa, umepewa nafasi?"

"Nimejipa, na naomba radhi."

Kicheko kidogo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimekaa kwenye baraza hili miaka minne. Kila marehemu alipotaja saa sita, niliandika saa sita. Nikaona ni tarakimu. Jumamosi nimezipita kwa miguu hii. Pale mtoni mke wa marehemu alinionyesha jiwe. Akasema hapa ndipo tulipomweka chini. Akasema tena: na hapahapa ndipo yeye alipomweka chini binti wa mama anayewapikia chai."

Mimi nje nimeshika kifuniko cha birika na sijui nakipeleka wapi.

"Tunajifanya hatujui, waheshimiwa. Binti yuko mita mia mbili kutoka hapa, na wenzake wawili, chumba kimoja, na Ijumaa wanatolewa."

"Taarifa, Mwenyekiti!" Huyo ni diwani wa Kata ya Barabarani. "Tusiamue kwa vidonda vya miguu. Sisi ambao hatukwenda nasi ni madiwani halali."

"Halali kabisa," Mzee Hizza akajibu. "Hata salamu zenu zilifika. Ziliwahi kabla yetu, hazikuchubuka."

Hapo ukumbi ukalipuka. Mtu akagonga meza. Mtu akasema ala! Mwenyekiti akakohoa kile kikohozi ambacho Mwantumu anakiiga, na kwa mara ya kwanza sikutaka kucheka.

"Waheshimiwa. Tumezungumza ya kutosha. Naomba nilihoji Baraza juu ya pendekezo la Kamati: nyumba ya Bwana Shamba iwe sebule ya madiwani."



"Asiyekubali asimame."

17.

Hakuna.

Hakuna.

Kiti kikalia.

Nakijwa. Kasimama kwa visigino, vidole vimeinuliwa, kama mtu aliye juu ya makaa.

Mwanamke wa pili. Wa tatu. Wameshikana mikono, na si kwa mapenzi: anayeanguka atamwangusha mwenzake.

Mzee Hizza kashika meza. Akashika tena. Magoti yakakubali, nyayo zikakataa. Vitambaa vile vyeupe juu ya zulia jekundu. Akainuka hivyohivyo, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mwanamume aliyevaa suti.

Wa Stesheni.

Watano wakawa sita, sita wakawa

Kibua hakusimama. Kijana aliyebeba jeneza mpaka mwisho! Kakaa, anaangalia kalamu yake, shingo imeiva. Miguu yake mizima. Sijui ni nini kilichomkalisha. Wengine wanasema Mwenyekiti kamwahidi kamati. Mimi sikuona ahadi, niliona shingo tu.

Wanane.

Na kisha, kutoka upande wa waliorudi, Mheshimiwa Mbaruku wa tambarare, ambaye pumu yake ilianza siku ile, akasukuma kiti nyuma. Hakusema kitu. Hakumtazama mtu. Alisimama tu pale na soksi yake iliyotoboka, kidole kimetoka nje, anahema.

Tisa.

18.

Mimi Elibariki Mshana, katibu wa vikao, nimeandika mihutasari miaka kumi na moja na ninajua kuandika "Baraza liliridhia" hata kabla ya kikao kuanza. Nilikuwa nimeshaiandika. Naomba msamaha kwa karatasi iliyofutwa.

8.8 Wajumbe waliosimama: 9.

8.9 Wajumbe walioketi: 9.

8.10 Kwa mujibu wa Kanuni ya 23, Mwenyekiti ana kura ya uamuzi.

8.11 Mwenyekiti alinyamaza kwa muda wa

(Nilitazama saa ya ukutani. Haitembei tangu mwaka juzi.)

8.12 Waliosimama hawakuketi wakati wa kusubiri. Mhe. Nakijwa alimwambia Mwenyekiti, nje ya utaratibu: "Kaka yangu, hata mimi niliogopa maji."

8.13 Sifahamu alimaanisha nini. Nimeandika kama nilivyosikia.

8.14 Mwenyekiti alitazama kiti cha Kwesine. Mwenyekiti alitazama dirishani.

8.15 Mwenyekiti alisimama.

8.16

Hapa nahitaji maelekezo. Kanuni ya 31 inasema Mwenyekiti akisimama, waliosimama waketi na kunyamaza. Kama ndivyo, amewaamuru wakae, na nyumba ni sebule. Lakini swali lililokuwa mezani ni lake mwenyewe: asiyekubali asimame. Kama ndivyo, yeye ni wa kumi.

Hakukohoa. Hakusema "waheshimiwa." Mikono yake ilikuwa imening'inia kama ya mtu aliyefika ukingoni.

Kwa mujibu wa kanuni, walipaswa kuketi mara moja.

Hakuna aliyeketi.

19.

Mimi nilimwona akiinuka. Niliona kifua, niliona tai, uso ulikuwa umefichwa na nondo ya dirisha. Nikasema moyoni, geuka kidogo, baba, nikuone. Na hapohapo simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni.

Saumu.

"Mama! Sikudhani kaanza!"

"Kaanza nini?"

"Kaanza, Mama! Maji yamemwagika, Mwantumu kamshika, Mzee Sufiani kakimbia kutafuta toroli, anasema yuko tayari kumsukuma mwenyewe. Njoo!"

"Mpelekeni Kituo cha Afya. Pitieni mbele ya nyumba ya Bwana Shamba, kuna njia kavu. Nakuja. Mwambie nakuja. Mwambie…"

Sikujua amwambie nini, kwa hiyo nikaondoka.

Wewe unayesoma, uliyekaa nami hapa kwenye kigoda tangu mwanzo, baki. Sikiliza dirisha. Mimi siwezi. Kama wameketi, kama wamesimama, kama yule bwana amefungua mdomo, utaniambia. Utanikuta kule, au kwenye sakafu ya wodi, au ukumbini mwa nyumba ile yenye vyumba vitano, sijui ni ya wajawazito au ya waheshimiwa.

Mvua ya masika ilikuwa imeshanyesha mara mbili tangu asubuhi. Kutoka mlango wa baraza hadi Kituo cha Afya hakuna lami, kuna tope jekundu, lilelile, limeteremka na mto kutoka kwao. Nimefika kwenye ngazi ndipo nikagundua niko peku. Ndara zangu ziko jikoni, nyuma. Nikarudi hatua mbili, nikatumbukiza miguu kwenye viatu vya kwanza vilivyokuwa kizingitini, sikutazama, nikakimbia.

Vilikuwa vikubwa. Vizito. Vilikuwa vinanibana hapa na kunivuka pale. Kwenye kona ya mashine ya kusaga nikazama hadi kifundo, nikachomoa, nikazama tena, na hapo ndipo nilipoangalia chini.

Vyeusi. Vya kamba. Rangi juu ya rangi.

Havionekani tena.

Nikazidi kukimbia navyo.